Wanyama wa Madam

Watu wa huku Kibugu wakimkumbuka Madam, wanakumbuka ukali. Wanakumbuka alivyomtoa mzazi mlevi kwenye mkutano wa shule kwa kumshika kiwiko tu, bila kupandisha sauti. Mimi namkumbuka ameinama dirishani asubuhi, jicho moja limebanwa kwenye hadubini na lile jingine liko wazi likitazama pengine, ananinyooshea kiganja ninyamaze kabla sijasema hata neno moja.

Kusema alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani hakutasaidia. Nilimjua kwanza kama mwalimu mwenzangu, kisha kama jirani, maana nyumba yangu ya vyumba viwili imeegemea ua wa boma lake. Mimi ni Mmeru, mwalimu wa Kiswahili, na nililetwa shule ya huku juu kwa uhamisho niliodhani ni wa muda mfupi. Mke wangu yuko Meru hadi leo. Mimi niko hapa, kwenye ukungu na majani chai, na rundo la insha ambalo halipungui. Nimechoka, na sioni haya kusema hivyo. Kwa miaka mingi, nikitoka shule nikiwa sina hamu ya kuongea na mtu, nilipitia kwa Madam, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa pekee ambaye hangeniuliza habari za shule. Angeniuliza kama nimenawa mikono, kisha angenionyesha tone la maji.

Yeye alizungumza Kiembu, mimi Kimeru, tukaelewana vizuri tu. Mambo yakikolea, au tukianza kugombana, tulihamia Kiswahili, kila mmoja na chake. Changu alikiita cha redio.

Tangi la maji alikotoa matone hayo halikuwa kitu cha kumwita mtu aje aone. Fundi wa madirisha alilikata kwa vioo vilivyobaki kwenye kazi nyingine, akaliziba pembeni kwa gundi nyeupe ambayo baadaye iligeuka rangi ya chai. Lilienea juu ya meza ndogo chini ya dirisha la sebule. Chini yake kulikuwa na tope, juu ya tope majani ya maji yaliyosokotana, na kwenye vioo utando wa kijani ambao Madam hakuruhusu uguswe. Hakukuwa na samaki. Hilo ndilo lililowashinda wageni.

“Madam, samaki walikufa?”

“Hawajawahi kuwa.”

“Sasa hii maji ni ya nini?”

“Ni ya wenyewe.”

Mgeni akinyamaza vizuri, aliitwa kwenye hadubini. Akicheka, aliletewa chai, na habari zikaishia hapo.

Mtoto wa Madam ni mmoja tu, mwanamume wa makamo anayefanya kazi katika ofisi za kaunti mjini Meru. Mume alikufa zamani. Kila mwisho wa mwezi kijana wake huyo alikuja na sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, na ubishi uleule. Kwamba mama anazeeka. Kwamba hii baridi si ya mtu wa peke yake. Kwamba kule Meru kuna nyumba yenye chumba chake, hospitali iko karibu, wajukuu wapo.

“Mum, siku moja utaanguka hapa. Nani ataniambia?”

“Mwalimu atasikia.”

“Mwalimu ako shule mchana yote.”

“Basi nitaanguka jioni.”

Jumapili moja, baada ya chakula, ubishi huo ulirefuka mpaka ukawa si mzaha tena. Kijana alikuwa amekasirika kwa ile hasira ya mtu anayependa na haelewi afanye nini. Madam akaweka kikombe chini. Akasema, “Sikia. Siku nitashindwa kuona hawa wanyama wangu, kuja na gari. Sitabishana na wewe. Nitapanda.” Kisha akanigeukia. “Mwalimu ni shahidi.” Nilikuwa na nduma mdomoni, nikaitikia kwa kichwa. Kijana alicheka, akampa mama yake mkono juu ya meza, na walipeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

Nadhani wakati ule hakuna aliyejua vizuri alichokubali. Macho ya Madam yalikuwa makali bado. Lakini tangu siku hiyo, kila alipoinamia hadubini alikuwa anailinda nyumba yake, na mimi nilijua hivyo, na yeye alijua kwamba najua.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hataki Meru, maana mimi ningeenda hata kwa miguu. Akasema amelala kwenye ile nyumba, ni nzuri, haina makosa, ila madirisha yote yanaangalia ukuta wa jirani na maji ya bomba yana dawa. “Huko siwezi kufuga hata mmoja,” akasema. “Nitakaa kwa kiti nikingojea chakula. Hiyo nayo ni kazi?”

Maji yake aliyatoa kwenye madimbwi. Msomaji asiye wa huku hajui habari ya madimbwi ya samaki. Kuna wakati tuliambiwa samaki wataleta utajiri, na kila mwenye kipande cha bondeni akachimba shimo, akatandika karatasi la nailoni, akamwaga vifaranga vya samaki. Baridi ikawafanya wabaki na ukubwa wa kidole. Watu wenyewe hawakuwa na mazoea ya kula samaki, na wanawake walisema harufu haitoki kwenye sufuria. Madimbwi yakaachwa kwa vyura. Kila mtu anayapita kwa aibu kidogo, isipokuwa Madam, aliyeyazungukia na gambuti zake za mpira na chupa za jemu kwenye mifuko ya sweta. Kila dimbwi alilijua tabia. La jirani wa bondeni lilikuwa na viroboto wa maji wengi sana. La shemasi alisema halina kitu, mwenyewe ni mtu wa kusafisha mno.

Siku ya kwanza kuniita nione kitu kwa makini, nilikuwa nimetoka kusahihisha mtihani wa muhula na kichwa kinaniuma. “Mwalimu, kuja. Kuja haraka, inakula!” Nikaenda kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukataa. Nilichokiona kilikuwa mfuko mwembamba wa kijani uliosimama wima, wenye vidole vingi juu, na kimoja kati ya vidole hivyo kimeshika kiroboto wa maji aliyekuwa akipiga mateke. Yule mfuko hakuwa na haraka. Alimvuta taratibu hadi mdomoni, mdomo ukapanuka, kiroboto akaingia mzima, na kupitia ngozi ya mlaji niliona moyo wa mliwa bado unadunda. Nilisahau kichwa. Nilipoinua uso Madam alikuwa ananitazama, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyempa mgeni kiti.

“Inaitwa haidra,” akasema. “Nipe jina yake kwa Kiswahili.”

Nikaenda nyumbani nikakaa na kamusi zangu. Nikamletea majina mazuri, marefu, yenye vihusishi katikati. Aliyasikiliza yote. “Hiyo ni ya kitabu,” akasema. “Mimi nataka jina ya kuita.” Mwishowe aliyabuni mwenyewe. Yule mdogo mwenye jicho jekundu katikati ya paji, anayebeba vifuko viwili vya mayai kama mama aliyetoka sokoni, alimwita Jicho Moja. Wale wanaokaa kwenye vikonyo, ukigonga meza wanajikunja wote kwa pamoja, aliwaita Wenye Haya. Na wale wenye magurudumu mawili kichwani yanayozunguka kuvuta chakula, aliwaita Posho Mill, kama mashine ya kusaga unga. Majina yangu hayakutumika hata siku moja. Sikukasirika sana.

Alikuwa mwalimu wa namna gani, waulize waliopita mikononi mwake, lakini wape muda kwanza wa kumalizia lawama. Kosa lake kubwa, kwa macho ya wazazi, lilikuwa sufuri. Aliwawekea wanafunzi tone kwenye hadubini, akawaambia wachore. Wao, watoto wa huku tunaowafundisha kupita mitihani kabla ya kuwafundisha kupumua, wakachungulia kidogo kwa adabu, wakafungua kitabu chini ya dawati, wakachora amiba ya kitabuni yenye kiini katikati na mishale iliyonyooka. Michoro safi kabisa. Madam akaipa sufuri yote, darasa zima, kwa sababu tone lile halikuwa na amiba hata moja. Alikuwa ameangalia kabla.

Mwalimu mkuu wa wakati ule alimwita ofisini. Mimi nilikuwa nje nikisubiri sahihi yangu, na mlango haukuwa umefungwa. “Madam, mtihani utauliza amiba,” akasema. “Hautauliza hiyo maji yako.” Yeye akajibu kwamba mtihani utafanywa siku moja, na baada ya hapo watoto hawa wataishi. Hawakuelewana. Sufuri zilibaki, na mzazi mmoja alihamisha binti yake akampeleka shule ya Karurumo. Binti huyo leo anafanya kazi maabara ya hospitali, na mama yake humsifu Madam kila mahali.

Alipostaafu walimuuliza anataka zawadi gani. Huku kwetu mwalimu akiondoka hupewa blanketi, saa ya ukutani, au akibahatika mtungi mkubwa wa maji. Madam akasema anataka hadubini moja kati ya zile kuukuu zilizokuwa zinaenda kutupwa, zile nyeusi zenye kioo chini cha kushika jua. Wazazi wakadhani ni adabu tu. Wakampa hadubini, na wakamnunulia mtungi pia. Ule mtungi ulibaki kando ya nyumba miaka yote, na kuku walitagia nyuma yake.

Na sasa niseme jambo ambalo wanafunzi wake hawalijui. Madam alikuwa mwongo. Alidanganya kila siku na hakujutia. Mwanawe akipiga simu kuuliza kama amekula, alisema amekula wali na kuku, na mimi nimekaa pale naona kikombe kimoja cha uji kilichoachwa nusu. Wauzaji wa bima wakibisha hodi, aliwaambia mwenye nyumba amesafiri. Kwaya ya kanisa ikiimba vibaya, na iliimba vibaya mara nyingi, aliwashika mikono mlangoni mmoja mmoja na kuwaambia wamemgusa moyo. Nilimwambia hii ni ajabu kwa mtu aliyewapa watoto sufuri. “Hao ni watu,” akasema. “Watu wanataka kupumzishwa.” Ndiyo maana baadaye, mambo yalipofika yalipofika, sikuwa na shaka kwamba Madam angedanganya. Nilikuwa nategemea hivyo.

Kanisani alikaa benchi ya nyuma, karibu na mlango, na alisali kwa maneno machache. Mchungaji kijana alimtania siku moja baada ya ibada. “Madam, hao wadudu wako Mungu aliwaumba siku gani?” Watu wakacheka. Madam akajibu, “Mwanzo kabisa, pastor. Kabla achoke.” Mchungaji aliitumia katika mahubiri wiki mbili baadaye, bila kusema ameipata wapi.

Ni akina mama wa kanisa hilohilo waliokuja kumfanyia usafi. Hii ni desturi ya huku na ni nzuri: mtu akiwa peke yake, au akiwa mgonjwa, au kukiwa na ibada ya nyumbani, akina mama hufika mapema na vitambaa na ndoo, hupiga deki, hufua mapazia, huchota maji, na mwenye nyumba hukatazwa kugusa kitu. Siku hiyo Madam alikuwa ameenda kliniki Embu. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua, akaambiwa ni presha ya macho. Ibada ilikuwa saa tisa nyumbani kwake. Akina mama walifika saa sita, wakiwa na ufunguo aliowaachia mwenyewe.

Nilitoka shule mapema nikamkuta anaingia langoni. Tukaingia pamoja. Nyumba ilikuwa inanukia sabuni. Pazia zilikuwa nyeupe. Na pale dirishani, tangi lilikuwa linang'aa. Maji yalikuwa safi hadi unaona ukuta ng'ambo, na chini, kwenye kokoto zilizosuguliwa, walikuwa wamesimamisha ua la plastiki la waridi.

Kiongozi wao, mama mnene mcheshi ninayempenda, alikuwa bado ana povu mikononi. “Madam, hiyo maji yako ilikuwa imekuwa kijani kabisa! Tope mpaka hapa! Tukasema hapana, Madam wetu hawezi kukaa na uchafu hivyo, na wageni wanakuja. Tumeosha na dawa ya Jik mara mbili.”

Niliona mkono wa Madam unashika mgongo wa kiti. Nilifungua mdomo, na yeye, bila kunitazama, alininyooshea kile kiganja.

“Asanteni sana,” akasema. “Mmenisaidia. Mimi siwezi tena kuinama.”

Akawapikia chai mwenyewe. Ibada ikafanyika, nyimbo zikaimbwa, wakamwombea macho, na yeye akasema amina mahali pote pa kusema amina. Mimi nilikaa pembeni nikiwa nimekasirika hadi masikio yanawaka. Walipoondoka nikamwambia angewaambia, angalau wajue. Akaniuliza wajue ili wafanye nini. Kisha akaketi mbele ya lile tangi, akatoa ua la plastiki, akalikausha kwa ncha ya leso yake, akaliweka kwenye kabati ya vikombe, mahali ambapo mama yule angeliona akija tena. Sijawahi kumwona amechoka vile. Alisema, “Mwalimu, nenda ulale,” na jua lilikuwa bado halijazama.

Asubuhi iliyofuata, siku ya Jumamosi, nikipiga mswaki nje, nilimwona amesimama juu ya kiti chini ya mchirizi wa bati, mzee wa umri ule, anakwangua kuvu lililokaukia pale. Nikakimbia kumshikilia kiti. Alilowesha kile kijivumbi katika kisosi cha maji ya mvua. Ilipofika saa nne aliniita. Katika vumbi lile, lililokuwa kavu kama unga wa kahawa, Posho Mill walikuwa wameamka. Walijinyoosha mmoja mmoja, wakasaga hewa kidogo, wakaanza kazi. Yeye alicheka peke yake. Alisema wanaweza kukauka miaka na miaka, hawafi, wanangoja tu. Tukalisuuza tangi, tukalianika juani siku nyingi, tukaenda madimbwini na chupa. Lakini kulijaza maji ni siku moja, na kulifanya liwe na wenyewe ni kazi ya misimu. Yeye msimu hakuwa nao mwingi, na alijua.

Daktari wa macho alisema kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Aliweka yale matone kwa nidhamu. Haikusaidia sana. Alianza kushika fremu ya mlango akipita. Alianza kuwatambua watu kwa kikohozi. Na dirishani alianza kuniambia, “Mwalimu, hebu angalia wewe kwanza, uniambie kama mwanga imekaa sawa.” Nikaangalia, nikasema mwanga umekaa sawa, na kuna Jicho Moja amejibanza kwenye jani. Ndipo naye anainama. “Ndio, namwona. Ana mayai.” Wakati mwingine kweli alikuwa na mayai. Wakati mwingine hakuwa nayo. Nilinyamaza. Mimi nami ni mtu, na nilitaka abaki. Boma lile lingekuwa kimya bila yeye, na mimi sikuwa na nguvu ya kuanza kumzoea jirani mwingine.

Mwanawe alikuja mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, ukungu ukiwa umelala juu ya majani chai hata huoni mwisho wa shamba. Hakuja na ubishi. Aliingia, akasalimia, akaweka sukari mezani, na mama yake akasimama kumtilia chai. Chai ilimwagika kando ya kikombe, ikatiririka kwenye kitambaa, na Madam akaendelea kumimina kwa utulivu. Kijana alinyoosha mkono akasogeza kikombe chini ya chai, taratibu, ili asimshtue.

Ni Madam aliyesema. “Umekuja na gari?”

“Mimi hukuja na gari kila siku, Mum.”

“Basi tuone.”

Akaenda dirishani. Mikono yake haikuhitaji macho. Ilipata kidropa cha dawa ya watoto alichokitumia miaka yote, ikapapasa kioo hadi kwenye majani, ikavuta maji, ikadondosha tone katikati ya kipande cha kioo, ikafunika, ikakitia mahali pake. Ikageuza kile kioo cha chini kikatafuta mwanga. Siku hiyo hakuniambia niangalie kwanza. Akainama.

Alikaa hapo muda mrefu. Sisi wawili tulisimama nyuma yake kama watoto walioitwa ofisini. Nilikuwa nangoja aseme. Chochote. Alijua kila kinachoishi katika yale maji, angeweza kututajia kumi bila kukosea, na nani angembishia? Mwanawe hakuwahi kuchungulia mle ndani maisha yake yote. Moyoni nilikuwa namwambia: sema Madam, sema tu.

Akainua kichwa. “Kuja uone wewe,” akamwambia mwanawe.

Kijana akaketi. Akafumba jicho lisilofaa, akafumbua, akasema anaona kope zake mwenyewe. Madam akamrekebisha kichwa kwa mikono miwili. Kisha kijana akatulia.

“Kuna kitu,” akasema. “Mum, kuna kitu. Inazunguka. Hapana, yenyewe imesimama, kichwa ndio inazunguka. Mbili. Kama magurudumu.”

“Na nyuma?”

“Nyuma imeshikilia. Sasa imejikunja. Ai! Imejinyoosha tena.”

“Itafanya hivyo tena. Ngoja.”

“Imefanya.”

Aliangalia hadi chai ikapoa. Mtu mzima, shati la ofisi, viatu vya mji. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika, na sauti pia. Akamshika mama yake bega.

“Mum, umeona.”

“Sijaona.”

“Si umejua vile inafanya? Hiyo ni kuona. Mimi nimetosheka. Tutafanya mpango, nitatafuta mtu wa kukaa na wewe hapa. Mwalimu, wewe ndio shahidi. Mum ameona ama hajaona?”

“Ameona,” nikasema. Nilisema haraka sana.

Madam akatabasamu. Alitutazama, au alitazama mahali sauti zetu zilipotoka. “Nyinyi ni watu wazuri,” akasema. “Sijaona kitu. Kuna nyeupe tu, kama hii ukungu ya nje. Ni hivyo tangu Pasaka. Nenda chumbani, chini ya kitanda kuna sanduku ya blue.”

Sanduku lilikuwa limeshapangwa. Nguo, Biblia, matone ya macho, na gambuti zilizofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Kijana alisimama nalo katikati ya sebule akauliza, kwa sauti ndogo, na tangi je.

“Hiyo iache hapo. Mimi ndio niliahidi. Hao hawakuahidi mtu.”

Alifunga mlango mwenyewe, akanikabidhi ufunguo bila hotuba, akanishika mkono. Nilitaka kumwambia kitu kizuri kwa Kiswahili kizuri, na nilikosa. Nilimwambia asafiri salama. Alipanda kiti cha mbele, akatafuta mkanda akaufunga, akaweka mikono mapajani akangoja.

Gari halikuwaka. Madam akasema twende. Akasema tena, kwa ile sauti ya darasani. Mwanawe alikuwa ameinamia usukani analia kwa kwikwi, hawezi kuinua uso, na mama yake alikuwa amenyoosha mkono anapapasa chini ya usukani, akitafuta ufunguo ili amwashie.